Tusitibu Rangi ya Makamasi

Wazazi wengi wakiona makamasi ya mtoto yamegeuka kijani, hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Kwa maoni yangu, desturi hii tuiache.

Mafua huletwa na virusi. Mwanzoni makamasi huwa mepesi kama maji. Baada ya siku mbili tatu huwa mazito, ya manjano au kijani. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana na ugonjwa. Antibiotiki haziui virusi. Zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na siku mtoto atakapougua nimonia huenda zisimsaidie. Mwenye mzio, yaani aleji, hutokwa makamasi mepesi, hupiga chafya na kuwashwa macho, lakini hana homa.

Ndugu wazazi, tazameni zaidi mtoto anavyopumua. Mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunywa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Mafua yakipita siku 10 bila nafuu, mwoneni mganga. Mafua ya kawaida yanahitaji vinywaji vya kutosha, kitambaa safi na subira.