Kasha la Kesho Lichorwe na Nani?

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii niliikumbuka hivi majuzi nikiwa Isiolo, nilikokwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Kilichonikumbusha hakikuwa nguo, bali kasha la kompyuta.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, ana kibanda chake karibu na barabara kuu. Mchana huwapigia watu chapa barua zao, na huwatengenezea kadi za arusi na mabango ya biashara. Baada ya sala ya isha vijana wenzake hujaa humo kucheza michezo ya kompyuta, kila mmoja akilipa kwa saa. Kazi zote hizo zategemea mashine moja yenye nguvu, ambayo aliiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande kwa fedha za mbuzi aliopewa na babake. Hiyo ndiyo rasilimali yake, hana nyingine.

Kasha la mashine hiyo alilinunua Nairobi, na kwa macho lilikuwa zuri hasa: kioo mbele, kioo ubavuni, feni zenye taa za rangi rangi, mfano wa chombo cha kwendea mwezini. Lakini siku ya tatu tangu nifike, mchezo ukiwa umepamba moto, mashine ilizimika ghafla.

"Mjomba, hii ni mara ya nne mwezi huu," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaribia kulia.

Tulipolifungua kasha tulikuta vumbi limegandamana juu ya feni kama ukoga. Shemeji yangu akasema ni heri kijana auze kila kitu arudi kwenye mifugo. Hapo ndipo nilipojitia katika maneno yasiyonihusu, na leo nataka kuyaeleza kwa wasomaji, maana naona yanatuhusu sote.

Kwanza tuelewane kasha ni nini. Wengi hulidhani kuwa ni pambo tu. Prosesa na kadi ya picha hula umeme mwingi, na karibu umeme wote huo hugeuka joto. Joto lisipotolewa, prosesa hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 100, na likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kazi ya kasha ni ile ile ya nyumba: kuingiza hewa, kutoa joto na kuzuia vumbi. Vipimo vya ndani navyo si siri. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa kanuni iitwayo ATX, bodi kuu ya kawaida huwa na milimita 305 kwa 244, na matundu ya skrubu hukaa mahali pale pale. Fundi akishika vipimo hivyo, umbo la nje ni hiari yake.

Ikiwa ni hiari, mbona basi makasha ya wachezaji yanafanana yote? Maoni yangu ni kwamba yamechorwa na watu walioota ndoto moja. Sinema ya Tron, iliyotoka Marekani mwaka 1982, ilionyesha ulimwengu wa ndani ya kompyuta kuwa giza lenye mistari ya nuru. Mpaka leo kijana akitajiwa kesho, huwaza giza na taa. Ndoto hiyo si mbaya, lakini ni ya mtu aliyeketi katika chumba kilichopozwa, madirisha yamefungwa. Isiolo iko kaskazini ya Mlima Kenya, kwenye mlango wa nchi kavu. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo, na ingawa sasa yafika Moyale, upepo wa vumbi haujahama. Kuweka kioo mbele ya feni mahali kama hapo ni sawa na kumziba mtu pua kisha ukamwambia akimbie.

Wala si kweli kwamba sisi hatuna ndoto zetu. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi iitwayo Pumzi. Hadithi yake ni ya miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa vita vya maji. Watu wanaishi ndani kwa ndani, hata jasho lao hukusanywa lisipotee, mpaka mwanamke aitwaye Asha anapotoka kwenda jangwani na mche wake. Nilimwonyesha mpwa wangu filamu hiyo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, hii ni Isiolo yetu."

Nikamjibu, "Basi chora kasha la huyo Asha."

Tulichora siku mbili. Mimi ni mtu wa pwani, na nilipofikiri juu ya joto nilikumbuka nyumba za mji wa kale wa Lamu: kuta nene, dari za juu, na madirisha ya vipande vya mbao vilivyopishana, ambayo upepo hupita na jua likabaki nje. Wazee wale walishughulika na jambo hili hili karne nyingi kabla ya feni. Kwa hiyo uso wa kasha letu ukawa wa mbao zilizotobolewa kwa nakshi ya nyota na pembe, na nyuma yake tukatandika chujio. Chujio lenyewe lilikuwa soksi ndefu za nailoni za dada yangu, aliyezitoa kwa manung'uniko. Feni mbili za milimita 120 zaingiza hewa kwa mbele, na moja yatoa joto juu kwa nyuma. Hewa inayoingia ikiwa nyingi kuliko inayotolewa, hutokea kwenye nyufa, na vumbi halipati pa kupenya. Kasha lote tuliliinua shubiri moja kutoka sakafuni, kwa kuwa vumbi hutambaa chini.

Bodi kuu tuliifunga juu ya bati lililokatwa na fundi wa jua kali, na kile kisanduku cha umeme tulikiacha katika bati lake bila kukigusa, maana ndani yake mna hatari ya kuua. Mpwa wangu alitaka pia tuzungushe ukuta wa makaa yaliyolowa maji, kama ule wa kuhifadhia mboga na maziwa. Nilimkatalia. Maji hupoza maziwa, lakini unyevu huua kompyuta.

Je, chombo cha mwezini kilikwenda wapi? Hakikupotea. Kasha limelala kidogo kwa nyuma kama kitu kitakachoruka, na lina taa moja tu, ambayo ni kijani mashine ikiwa poa na nyekundu ikipata joto. Hilo nalo si geni. Ile Connection Machine ya mwaka 1987 ilikuwa sanduku jeusi lililojaa taa nyekundu, lakini taa zile zilionyesha hali za prosesa zake. Taa ikiwa na neno la kusema, ni pambo lenye faida.

Sitaki kumdanganya msomaji. Kasha letu ni zito, mlango wake huchakarika, na soksi lazima zifuliwe kila Ijumaa. Vijana walipoliona mara ya kwanza walicheka wakaliita sanduku la bibi arusi. Lakini joto lililokuwa likifika nyuzi 95 sasa halivuki 80, na mpaka nilipoondoka mashine haikuzimika tena. Mmoja wa wale waliocheka ameuliza bei.

Najua wako watakaosema kwamba haya yote ni israfu, na kwamba mchezo ni mchezo tu. Mchezo ukimpitisha mtu wakati wa sala au ukamla fedha za chakula, ni hasara, na mpwa wangu hufunga mlango adhana inapoadhiniwa. Lakini tusisahau kwamba hii pia ni kazi. Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow katika mchezo wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018. Na hata asiyecheza kabisa ana mashine dukani, shuleni au msikitini, nayo hula vumbi hilo hilo. Israfu kubwa kwangu ni kununua kwa fedha nyingi kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kwetu, kisha kukitupa.

Maseremala tunao Lamu, Mombasa na Malindi. Wengi wao hukaa wakingojea mtalii anunue kijisanduku cha ukumbusho. Vijana wanaojua kompyuta tunao pia, lakini hawajapata kuketi ubao mmoja na maseremala hao. Wazee tusiwaambie vijana warudi kwenye mifugo, na vijana nao wasione haya kumwuliza babu jinsi nyumba yake inavyopumua.

Shemeji yangu hajasema neno jema juu ya kasha lile. Hata hivyo, usiku wa kuamkia safari yangu nilimkuta peke yake kibandani, ameweka kiganja juu ya matundu akisikiliza joto likitoka. Aliponiona aliuondoa mkono wake, akaniuliza basi langu laondoka saa ngapi.