Darubini ya Bunduki Siyo Simu ya Mkononi

Leo tunaacha kidogo mambo ya seva na lugha za programu, ingawa mtaona kwamba hatujaenda mbali. Nataka tuzungumzie darubini zinazofungwa juu ya bunduki za wanajeshi, na hasa swali moja: jeshi linalompeleka askari vitani lichague darubini gani itakayodumu?

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aende zake. Wanunuzi wa vifaa vya jeshi hununua maneno ya brosha mara nyingi mno. Neno bovu kuliko yote ni "kiwango cha kijeshi". Kosa la pili ni kuamini kwamba kifaa chochote kikitiwa kompyuta kinakuwa bora.

Tuanze na maana ya kudumu. Darubini haisifiwi kwa kuwa nzito au kwa kupakwa rangi ya kijani. Ina kazi tatu. Kwanza, ikishawekwa sifuri, yaani alama ya kulengea ikishalinganishwa na pale risasi inapopiga, ibaki hapo hapo hata bunduki ikipiga teke mara elfu, ikianguka kutoka kwenye lori au ikishinda juani. Pili, maji, vumbi na ukungu visiingie ndani. Ndiyo maana darubini nzuri hufungwa kwa mipira ya kuzuia maji na kujazwa gesi kavu kama naitrojeni. Tatu, na hii ndiyo husahaulika, siku ikiharibika imwachie askari kitu cha kulengea. Sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri hii ya tatu. Programu nzuri huanguka kwa adabu. Mbaya huanguka na kila kitu.

Sasa turudi kwenye "kiwango cha kijeshi". Mara nyingi brosha huandika MIL-STD-810, na mnunuzi huinamisha kichwa kwa heshima. Hiyo ni hati ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo lake la H lilitoka mwaka 2019. Ndani yake kuna njia za kupima vifaa: joto, baridi, mshtuko, mtetemo, mchanga na vumbi, ukungu wa chumvi, kuzamishwa majini na nyinginezo nyingi. Ni hati nzuri sana. Lakini yenyewe inasema majaribio yachaguliwe na kurekebishwa kulingana na mahali kifaa kitakapotumika. Hakuna ofisi inayopiga muhuri kusema "darubini hii imefaulu MIL-STD-810 yote". Kampuni inaweza kuchagua jaribio moja, ikalifanya yenyewe, kisha ikaandika jina la hati nzima kwenye boksi. Ni sawa na mimi kukwambia "programu yangu imejaribiwa". Na wewe ukiwa na akili timamu utaniuliza: jaribio lipi, nani alilifanya, na matokeo yako wapi?

Kama unadhani natia chumvi, tazama EOTech. Hawa ni watengenezaji wa vilengeo vya holografia vya Marekani, vilivyotumiwa na vikosi maalum na polisi wengi. Vilengeo hivyo viliuzwa kwa ahadi kwamba vinafanya kazi kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 60 za Selsiasi, na penye unyevu pia. Novemba 2015 kampuni mama, L-3, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kumaliza kesi iliyodai kwamba vilengeo havikuwa hivyo, na kwamba kampuni ilijua kwa miaka kadhaa ikaendelea kuuza. Kwa mujibu wa kesi hiyo, kasoro ya kuhama kwa sifuri kutokana na joto ilitolewa wazi baada tu ya FBI kuigundua wenyewe na kupeleka takwimu zao Machi 2015.

Kuhama kiasi gani? Kampuni yenyewe ilitaja hadi dakika 4 za pembe, joto linapopanda au kushuka sana kutoka lile la kawaida la chumbani. Piga hesabu. Dakika moja ya pembe ni karibu sentimita 2.9 kwenye mita 100. Dakika 4 kwenye mita 300 ni karibu sentimita 35. Umelenga kifua, risasi imepita hewani kando ya bega. Au imempata mtu ambaye hukumlenga.

Kasoro yenyewe haikuwa dhambi kubwa. Kila kifaa kina hitilafu, na mimi ninayeandika programu siwezi kumrushia mtu jiwe kwa kuwa na hitilafu. Dhambi ni kuijua na kuinyamazia wakati mtu ameiwekea roho yake. Na mnunuzi naye ana lawama yake: mkataba usiomlazimisha muuzaji kufichua hitilafu unamlipa anyamaze.

Haya, tuje kwenye kompyuta. Kampuni ya TrackingPoint ya Texas ilitengeneza bunduki yenye darubini inayojipigia hesabu ya upepo, joto na umbali, bei karibu dola 13,000. Mwaka 2015 watafiti wawili, Runa Sandvik na Michael Auger, walionyesha kwamba mtu aliye karibu angeweza kuingia kwenye darubini hiyo kupitia Wi-Fi yake, iliyokuwa na nywila ya kiwandani. Wakishaingia walibadilisha tarakimu, kwa mfano uzito wa risasi, na darubini ikapiga hesabu kwa utiifu kabisa. Risasi ikaenda kwenye shabaha ya jirani. Hawakuweza kuifyatua bila kidole cha mtu, lakini waliweza kumfanya mwenyewe akose bila kujua kwa nini.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta hufundishwa asiache nywila ya kiwandani. Hapa iliachwa kwenye bunduki.

Mtaniambia hiyo ilikuwa bidhaa ya wawindaji, jeshi lina akili zaidi. Januari 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliipa Vortex mkataba wa miaka 10, hadi darubini 250,000 kwa hadi dola bilioni 2.7. Gawanya: karibu dola 10,800 kwa kila moja, vipuri na huduma vikiwemo. Darubini hiyo, XM157, ina kipima umbali cha leza, kikokotoo cha mwendo wa risasi, vihisi vya hali ya hewa, dira, na mawasiliano yasiyotumia waya. Kisha ofisi ya Pentagon inayosimamia majaribio ya silaha ikatoa ripoti yake ya mwaka wa fedha 2024. Ilisema askari waliona urahisi wa kuitumia uko chini ya wastani, hata kufikia kufeli, na kwamba bunduki ya XM7 ikiwa na darubini hiyo ilionyesha uwezekano mdogo wa kumaliza kazi ya saa 72 vitani bila hitilafu kubwa. Saa 72, ndugu zangu. Siku tatu!

Niwe mwadilifu. Wanaotetea darubini hizi wana hoja, tena nzito. Askari wengi hukosa shabaha ya mbali kwa sababu wanakisia umbali vibaya, na leza haikisii. Tena waliobuni XM157 waliweka alama ya kulengea iliyochongwa kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo betri ikifa darubini haigeuki kuwa bomba tupu. Hapo nawapongeza bila kinyongo; huko ndiko kuanguka kwa adabu. Na ripoti ile ya kufeli imetolewa hadharani na serikali ile ile iliyonunua. Ni nchi ngapi zingethubutu?

Lakini hoja hiyo inathibitisha ninachosema. Kilicho imara kwenye kifaa hicho cha maelfu ya dola ni mstari uliochongwa kwenye kioo. Kompyuta ije juu yake kama msaidizi, na siku ikigoma iondoke kimya kimya.

Linganisha na ACOG ya Trijicon, iliyotoka mwaka 1987 na kubebwa na Wanamaji wa Marekani Iraq na Afghanistan. Mwili wake ni wa alumini ya kufuliwa. Kwenye modeli waliyobeba, mchana alama huwashwa na nyuzi zinazokusanya mwanga wa jua, na usiku na tritiamu. Haina betri wala swichi wala nywila. Ina mapungufu: hukuza mara 4 tu, jicho lazima likae karibu sana na kioo, na tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Lakini hayo ni mapungufu yanayojulikana kwa tarehe. Unaweza kuyapangia bajeti. Au chukua Aimpoint CompM4 ya Wasweden: betri moja ya AA, na watengenezaji hutaja saa 80,000. Betri ya AA utaipata hata kwenye duka la kijijini.

Sisi hapa tunahusikaje? Wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka 2012 wakaingia Kismayu. Anayejua chumvi ya pwani aangalie mabati na grili za madirisha Mombasa, kisha afikirie skrubu ndogo ya kufungia darubini. Ongeza vumbi na jua la mchana. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri haituhusu hata kidogo. Ukungu wa chumvi unatuhusu sana. Kununua kwa kuiga orodha ya nchi nyingine ni kulipia jaribio lisilo letu na kuruka lililo letu.

Basi, yeyote anayeandika zabuni ya kifaa kama hiki, kwa nchi yoyote, aweke haya:

1. Taja majaribio kwa jina na kipimo, kulingana na mahali askari atakapokuwa. Neno "kijeshi" pekee lisikubaliwe.
2. Majaribio yafanywe na mtu asiyelipwa na muuzaji, kwa darubini zilizookotwa ghalani bila muuzaji kuchagua.
3. Pima sifuri kabla na baada ya kila jaribio, darubini ikiwa imefungwa kwenye bunduki na kifungio kitakachotumika. Darubini nzuri juu ya kifungio kilicholegea ni takataka.
4. Toa betri. Kama askari hawezi kulenga, rudisha boksi.
5. Muuzaji akijua hitilafu aitangaze kwa siku zilizoandikwa, la sivyo arudishe pesa.
6. Kama ina programu, wataalamu wa nje waruhusiwe kuivunja kabla ya adui.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye vifaa vya vita mara nyingi kibaya hutembezwa na mtu aliyevaa suti, chenye skrini inayong'aa. Programu yangu mimi ikianguka, mtumiaji huiwasha upya na kunitukana kidogo. Askari aliye nyuma ya ukuta wa udongo saa tisa usiku hana kitufe cha kuwasha upya. Haya, nimesema.