Maoni: Kilomita 120 hadi Lubumbashi, lakini data zinazungukia Ulaya

Mwanafunzi wa Likasi anayefungua ukurasa uliohifadhiwa kwenye serva ya Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka kwake, anaweza kungoja kama mtu anayefungua ukurasa wa Paris, au hata zaidi. Waya upo. Fiba optiki inayotoka Kasumbalesa kwenda Kolwezi inapita Likasi, sambamba na barabara ya taifa namba 1. Kinachopotosha safari ni maagizo ambayo ruta zimepewa, na maagizo hayo yameandikwa na watu.

Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000 iliyounganishwa, kila mmoja na mwenyewe. Ndani ya kampuni moja, ruta mara nyingi hutumia protokoli kama OSPF: kila ruta inawaarifu wenzake hali ya nyaya zake, kisha inahesabu njia yenye gharama ndogo. Waya ukikatika, hesabu inarudiwa mara moja.

Kati ya kampuni na kampuni mambo ni mengine. Hapo inatumika BGP, iliyobuniwa mwaka 1989 na wahandisi Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, ambao inasemekana walichora wazo lao la kwanza kwenye karatasi za kupangusia mikono mezani. BGP haipimi kilomita. Kampuni inatangaza kwamba anwani fulani zinafikika kupitia kwake. Jirani anakubali au anakataa kufuatana na mapatano yao, yaani, tuseme wazi, kufuatana na pesa.

Ndiyo maana kampuni mbili zenye minara kwenye kilima kimoja cha Likasi, zisipopatana kubadilishana data hapa Katanga, kila moja inazikabidhi kwa msafirishaji mkubwa wa nje anayelipwa. Data zinavuka mpaka, zinafika Ulaya, zinarudi. Ni kama gunia la unga kutoka Kikula kwenda Panda likipitishwa Matadi, na nauli inaishia kwenye bei ya mega za mteja.

Dawa inajulikana. Mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, mjini Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika na kituo kikafungwa. Kilirudi mwaka 2002. Muda wa data kwenda na kurudi kati ya mitandao ya ndani ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 mpaka 2 hadi 10.

Kongo nayo ina vituo vya aina hiyo: KINIX mjini Kinshasa, GOMIX mjini Goma na, jirani kabisa na Likasi, LUBIX mjini Lubumbashi. Lakini jengo lenye ruta halina faida ikiwa kampuni haileti anwani zake zote, au inaleta uwezo mdogo kuonyesha tu kwamba ipo.

Kuna wanaosema kwamba kurasa nyingi za Wakongo ziko kwenye serva za Ulaya, hivyo kituo hakitabadilisha kitu. Ni kweli nusu. Nani ataweka serva Lubumbashi wakati mteja wa Likasi anaifikia kwa kuzunguka dunia?

Tena si suala la kasi peke yake. Agosti 2023, nyaya za WACS na SAT-3 zilikatika baharini karibu na mdomo wa mto Kongo. Wakati kama huo BGP hutafuta njia nyingine, lakini inaweza kuchagua tu kati ya zile zilizokwisha kupatanwa.

ARPTC, inayosimamia sekta hii, iifanye LUBIX kuwa sharti kwa kila kampuni inayouza intaneti Haut-Katanga, na itangaze kila baada ya miezi mitatu kampuni zipi zimeunganishwa na kwa uwezo gani. Wakaaji wa Likasi wanaonunua mega kila asubuhi wana haki ya kuisoma orodha hiyo.