Karakana ya Nyumbani Haihitaji Moto wa Kiwanda

Huko Marekani bunduki ya kuwindia mara nyingi hurithiwa, baba akamwachia mwana, naye mwana akamwachia mjukuu. Basi wako watu wengi ambao chuma kikififia na kuanza kushika kutu, hupenda kukirudishia weusi wake kwa mikono yao wenyewe. Kwa mwenye bunduki ya halali jambo hilo si kosa, wala si la kuchekwa. Mtu anayejua kutunza chombo chake hupata heshima ya kazi yake, na sisi twamsifu.

Lakini liko neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Watu wa majumbani wamejazwa fikira kwamba mtu hawi fundi mpaka awe na safu ya matangi ya chuma, majiko makubwa ya gesi, na madebe ya chumvi kali kama zile za kiwandani. Twasema wazi kwamba fikira hiyo ni potofu, tena ni ya hatari. Kwa karakana ya nyumbani njia ya zamani ya kutu ndiyo bora. Njia ya chumvi za moto iachiwe mafundi walio na mahali pake.

Hebu tuzitazame njia zenyewe. Chumvi za moto ni kostiki soda iliyochanganywa na chumvi za nitreti. Huchemshwa ndani ya maji mpaka zifike yapata digrii 140 za sentigredi, kisha chuma huzamishwa humo kwa muda wa nusu saa hivi. Weusi wake ni mzuri, hapana anayebisha. Lakini maji yakidondokea ndani ya tangi hilo hugeuka mvuke ghafula na kurusha magadi ya moto usoni mwa mtu. Jicho likipatwa, huenda lisione tena. Sehemu yoyote ya aluminiamu ikitumbukia humo huliwa, na hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka moto. Je, kitu kama hicho ni cha kuwekwa katika banda ambamo watoto hupita wakitafuta mpira wao?

Njia ya kutu haina makuu. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi, kisha ifungue. Kinachotakiwa ni birika refu la chuma linaloutosha mtutu, jiko la kuchemshia, vizibo vya mbao vya kuziba mtutu pande zote mbili, sanduku lenye unyevu, glavu safi, miwani ya kukinga macho, na brashi ya nyuzi laini za chuma. Dawa ya kuleta kutu inunuliwe ikiwa tayari. Mtu asijaribu kuchanganya asidi mwenyewe.

Chuma husafishwa mafuta yote, kwa kuwa hata alama ya kidole huacha doa. Hupakwa dawa kidogo sana, kikalazwa sandukuni mpaka kutu nyekundu itokee kama vumbi. Halafu huchemshwa katika maji safi, na hapo ndipo ajabu ilipo: ile kutu nyekundu, adui wa chuma, hugeuka kuwa nyeusi na kuwa kinga yake. Vumbi lililolegea hupigwa brashi, na kazi huanza upya, mara tano, sita au zaidi. Mwisho chuma hupakwa mafuta.

Wako watakaosema: “Kazi hiyo huchukua wiki nzima, na ile ya chumvi ni ya siku moja!” Ni kweli. Lakini hiyo siku moja ni ya kiwanda kinachotia weusi bunduki mia. Mwenye bunduki moja aliyoachiwa na babaye anakimbilia wapi? Subira huvuta heri.

Tena haraka hiyo yaweza kuiua bunduki yenyewe. Bunduki nyingi za zamani za mitutu miwili zimeunganishwa kwa lehemu laini ya risasi. Chumvi za moto huila lehemu hiyo, na mitutu ikaachana. Mtu ameingiza urithi tangini, akatoa vipande. Njia ya kutu haipiti joto la maji yanayochemka, nalo halitoshi kuyeyusha lehemu.

Iko na njia ya tatu, ya fosfeti. Mwingereza Thomas Watts Coslett aliipatia hataza mwaka 1906, na katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliitumia sana kwa bunduki zake. Hutaka tangi la chuma kisichoshika kutu, kipimajoto, na dawa yenye asidi ya fosfori, chini kidogo ya joto la maji kuchemka. Ni kinga imara, lakini rangi yake ni ya kijivu isiyong'aa. Yafaa kwa bunduki ya kijeshi, si kwa bunduki nzuri ya kuwindia.

Twaongeza maonyo mawili. Msasa usipite juu ya namba ya bunduki, kwa kuwa kuifuta ni kosa la jinai kwa sheria ya Marekani. Na anayesifiwa na jirani zake mpaka akaanza kupokea bunduki zao kwa malipo, ajue kwamba sheria ya mwaka 1968 humtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni ya serikali kuu.

Hatusemi watu waache kazi ya mikono. Twasema waifanye kwa akili. Ufundi haupimwi kwa ukubwa wa tangi wala ukali wa dawa. Hupimwa kwa kazi iliyotoka mkononi, na kwa fundi aliyerudi mezani kwake jioni akiwa na macho yake mawili. Mwenye karakana ndogo, chemsha maji yako, ngoja kutu yako, wala usione haya.