Pumzi imerudi, kano bado: masika yakiisha Kyela tusiwahishe bonanza

Mvua za Kyela hazina mzaha. Machi hadi Mei viwanja vingi vya bondeni vinageuka majaruba na mpira unalala. Vijana wanaingia kwenye mpunga, wengine kwenye kakao, wengine wanapiga baiskeli kubeba abiria kati ya Kyela mjini na Ipinda. Jua likitoka tu, kabla hata nyasi hazijafyekwa, tayari kuna tangazo la bonanza: bingwa anaondoka na mbuzi, fainali wiki mbili zijazo.

Hapo ndipo tunapoua miguu ya watoto wetu.

Angalia huyu kijana wa baiskeli. Anakuja mazoezini siku ya kwanza, anazunguka uwanja mara kumi wala hahemi. Kocha anafurahi, anasema huyu yuko fiti, aanze. Kweli mapafu anayo. Lakini baiskeli haimfundishi kutua chini baada ya kuruka kichwa, wala kufunga breki akiwa kwenye kasi na kugeuka. Miezi mitatu kano zake hazijafanya kazi hiyo. Moyo na mapafu vinarudi ndani ya wiki chache, msuli unafuata, kano inachelewa kuliko vyote kwa sababu damu inayopita pale ni kidogo. Kwa hiyo siku mchezaji anapojisikia mwepesi kabisa, wiki ya tatu au ya nne, ndiyo siku ya hatari.

Wanaofuga farasi wa mashindano wanalijua hili kuliko sisi. Farasi aliyepumzishwa muda mrefu hapandi shoti siku ya kwanza. Anatembezwa tu, wiki baada ya wiki, mpaka mtazamaji anachoka. Baadaye mchakamchako, na shoti inakuja mwisho kabisa. Mwenye farasi ana subira kwa sababu ametoa hela yake pale. Mchezaji wetu wa mchangani hakununuliwa na mtu, basi kila mtu ana haraka naye.

Tena kuna farasi mmoja ambaye watu wa Matema wangemwelewa haraka. Anaitwa Red Rum, wa Uingereza. Mwaka 1972 alinunuliwa na Ginger McCain, kocha aliyekuwa pia dereva teksi, kwa niaba ya tajiri mmoja. Kumbe farasi ana ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato, anachechemea. McCain hakuwa na uwanja wa maana, alikuwa na ufukwe wa Southport. Akampeleka kwenye maji ya bahari atembee, akamzoesha kwenye mchanga. Yule mlemavu akabeba Grand National mara tatu, 1973, 1974 na 1977, na katikati hapo akashika nafasi ya pili mara mbili. Hizo ni mbio za kilomita kama 7, vizuizi 30 vya kuruka.

Sisi ufukwe tunao bure. Ila watu wetu wakifika Matema wanakimbilia mchanga mkavu, ule unaozama, eti unajenga nguvu. Unajenga, lakini kwa mguu uliolala miezi mitatu unavuta kano ya kisigino vibaya sana. Aanze kwa kutembea kwenye maji ya magotini, halafu mchakamchako kwenye mchanga mbichi ulioshikana kando ya maji. (Mbali na mdomo wa mto, jamani, mamba hawaangalii jezi.)

Atakayesema haya ni ya farasi amkumbuke Ronaldo, yule Mbrazili. Novemba 1999 kano ya goti ilichanika akiwa Inter. Aprili 2000 akarudishwa kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, akacheza dakika kama saba, goti likakatika kabisa bila kuguswa na mtu. Safari ya pili wakamsubiri zaidi ya mwaka. Kombe la Dunia 2002 akafunga mabao 8.

Na si goti moja la bahati mbaya. Mwaka 2011 wamiliki wa timu za NFL, ule mpira wa Marekani wa kuvaa kofia ngumu, waliwafungia wachezaji nje zaidi ya miezi minne wakigombana mikataba. Walipofungua kambi, kano 10 za kisigino zilikatika ndani ya siku 12 za mwanzo. Hao wana madaktari. Wetu akikatika kano Ipinda ni kanga ya kufungia na nauli ya kwenda Mbeya.

Ndiyo maana ninawaambia waratibu: mbuzi haozi. Sogezeni fainali wiki sita mbele, anzeni na mechi za dakika 20 kila upande, na kocha awe na ruhusa ya kumtoa mchezaji hata kama anang'ara. Hasa anayeng'ara.