Kiwambo si uchawi, ni kinga ya masikio

Tukisikia "kiwambo cha sauti", wengi tunawaza muuaji wa kwenye filamu: bastola inasema "fyu", mtu chini. Ndugu zangu, hiyo ni sinema.

Bunduki ya kuwindia hupiga kelele za desibeli 160 hivi. Kiwambo hupunguza kati ya 20 na 35. Kinachobaki bado ni kishindo, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, ambao kiwambo hakiugusi.

Kule Marekani wapo wanaowinda wanyama waharibifu wa mashambani, kama prairie dog, mchimba mashimo wa jamii ya kindi. Anayewinda paa hufyatua mara moja au mbili, karudi nyumbani. Huyu anaweza kufyatua mamia kwa siku. Masikio gani yatahimili?

Ndiyo, wapo wanaohofia wahalifu, na hofu yao si ya kupuuza. Lakini Wamarekani wamefanya jambo la maana: kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 imeondolewa Januari 1, 2026, usajili ukabaki pale pale. Mchunguze mtu, sawa. Kumtoza kwa kulinda masikio ni kama kumtoza beki kwa kuvaa vikinga vya ugoko.

Na sisi tunaokaa ubavuni mwa vuvuzela dakika 90, tukarudi nyumbani masikio yanalia nziii? Tusimcheke mwindaji. Sikio likiumia, benchi halina wa kuingia.