Niliwacheka watu wa damu ya nguruwe. Nilikosea

Wasee, kuna video nimeifuta wiki jana. Ilikuwa imefanya poa, komenti za kicheko zimejaa. Nilikuwa nimekutana na kichwa cha utafiti: jinsi DNA ya bakteria inavyoamsha kinga kwa seli za nguruwe. Mimi huyo mbele ya kamera: "Ati watu wanalipwa kuchezea damu ya nguruwe na mimi sina kodi ya nyumba!"

Alafu mathe akaiona. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani umesahau zile nguruwe?"

Sijasahau. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa nguruwe 14 za mathe. Homa ya nguruwe ya Afrika ikaingia, na kwa wiki mbili boma likanyamaza. Ugonjwa huo hauna dawa, na hakukuwa na chanjo ya kununua agroveti. Muhula uliofuata sikurudi chuo. Ndio maana mko na mimi hapa.

So nikakaa chini nikasoma kile nilikuwa nacheka.

Fikiria soja wa geti. DNA yote imeandikwa kwa herufi nne. Kwa bakteria, C ikifuatwa na G ni kawaida, na iko wazi. Kwetu sisi na nguruwe, hizo CG ni chache, na nyingi zimevalishwa kofia ndogo ya kemikali. Soja akiona CG nyingi bila kofia, anajua huyu si mtu wa ploti. Mwaka wa 1995, Arthur Krieg na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba ni hizo CG zinaamsha seli za kinga. Mwaka wa 2000, timu ya Shizuo Akira kule Japani ikamtambua soja mwenyewe: TLR9. Akipiga kengele, seli zinatoa interferoni na mwili unajipanga.

Hii si hadithi ya maabara tu. Marekani iliidhinisha chanjo ya hepatitisi B iitwayo Heplisav-B mwaka wa 2017. Ndani yake kuna vipande vya DNA vya kutengenezwa vinavyoiga bakteria. Unadungwa mara mbili ndani ya mwezi, badala ya mara tatu kwa miezi sita.

Sasa mbona nguruwe? Kwa sababu soja wa kila mnyama ana mpangilio wake wa herufi unaomshtua. Kipande kinachoamsha seli za panya vizuri kinaweza kuachia za nguruwe zikilala. Huwezi kukisia. Lazima uchukue damu ya nguruwe mwenyewe upime. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nacheka.

Sisemi DNA ya bakteria ingeokoa nguruwe za mathe. Homa ile ni ya virusi, na ni ngumu. Ninachosema ni hiki: jibu la mwingine si lazima likufae. Vietnam wameshaidhinisha chanjo za homa hii, lakini zinalenga virusi vya kundi la II. Zilizozoeleka Kenya ni kundi la IX na X. Na ugonjwa wenyewe ulielezwa kisayansi mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka wa 1921! Zaidi ya miaka 100, na mkulima wetu bado anaambiwa afunge geti na anyunyize dawa ya kuua viini.

Kuna watafiti wanaoshughulika nao hapa Nairobi, pale ILRI. Wangapi kati yetu tunawajua? Tunajua nani amechana na nani.

Mimi nilitumia wafuasi wangu kuwafanya watu wadogo waonekane wajinga, na mjinga nilikuwa mimi. Ukiona utafiti una jina la ajabu, uliza kwanza unamsaidia nani. Inaweza kuwa mathe wako.

Wewe kwenu mmewahi kupoteza mifugo hivi? Niambie hapo chini. Leo nasoma komenti zote.